Faili la binari: ulisome mwenyewe au uiachie maktaba?

Februari 2000, chombo cha anga za juu cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada ya kupima mwinuko wa ardhi. Data zake, zinazojulikana kama SRTM, zinapatikana bure mtandaoni zikiwa zimekatwa vipande vya digrii moja kwa digrii moja. Kipande chenye kilele cha Kilimanjaro na mji wa Moshi kinaitwa S04E037.hgt. Ukikibofya mara mbili, kompyuta haijui ikifungue kwa programu gani. Ukikilazimisha kwenye programu ya kuandikia, skrini inajaa alama zisizosomeka. Hakuna kilichoharibika. Faili lenyewe halina neno hata moja ndani: halina jina la mahali, halina tarehe, halina kipimo. Ni namba tupu, baiti mbili kwa kila namba (baiti ni kipande kidogo cha data kinachobeba thamani kati ya 0 na 255), mstari baada ya mstari kutoka kaskazini kwenda kusini.

Mafaili ya namna hii, ya binari, ndiyo yaliyobeba mvua, joto la bahari, picha za nyota na mengi mengine tunayoyategemea. Kwa wanaofundisha vijana kuyachambua kuna mabishano yasiyokwisha. Wapo wanaosema kijana alifungue faili kwa mkono wake, asome baiti moja moja na ajue kila moja inasimamia nini. Wengine wanasema huko ni kupoteza muda: maktaba za programu, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, kama GDAL na xarray, zipo, zimejaribiwa na maelfu ya watu, uitaje tu njia ya faili nayo ifanye kazi. Pembeni kuna kundi la tatu ambalo halibishani na mtu, nalo ndilo kubwa: nigeuzieni yote kuwa CSV, faili la maandishi lenye namba zilizotenganishwa kwa mkato, niendelee na Excel yangu.

Nianze na hao wa CSV, maana wana hoja ambayo mafundi huipuuza haraka mno. Maandishi husomeka na mtu yeyote, kwenye mashine yoyote, leo na baada ya miaka 40. Binari haina dhamana hiyo. Vyombo vya Viking vilitua Mars mwaka 1976, na miaka mingi baadaye mtafiti Joseph Miller wa Chuo Kikuu cha Southern California alipoomba data za majaribio ya kibiolojia ya vyombo hivyo, tepu za NASA zilikutwa katika mpangilio ambao hakukuwa tena na mtu wa kuusoma. Kilichookoa sehemu ya kazi ile ni nakala zilizochapwa karatasini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tepu zile zilikuwa mali isiyo na daftari.

Lakini hoja hiyo ikishasifiwa, hesabu inaikataa. Kipande kimoja cha SRTM cha daraja la zamani kina mistari 1201 na safu 1201, yaani namba 1,442,401. Ukikiandika kwa mtindo wa longitudo, latitudo na mwinuko, nukta moja kwa kila mstari, hakiingii kwenye karatasi moja ya Excel, ambayo mwisho wake ni mistari 1,048,576. Na hapo ni digrii moja tu ya ardhi. Chukua CHIRPS, data za mvua zinazotengenezwa na Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara pamoja na idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, zikianzia mwaka 1981. Data hizi hutumika kufuatilia ukame Afrika Mashariki. Siku moja ya CHIRPS ya toleo la pili kwa dunia ni safu 7200 kwa mistari 2000, namba milioni 14.4. Kwa baiti nne kila namba ni megabaiti 57.6 kabla ya kubanwa. Kama maandishi yenye longitudo na latitudo, siku hiyo moja huzidi hilo mara kadhaa. Mtafiti wa Dodoma anayenunua bando kwa fedha yake hawezi kuishi hivyo.

Kwa hiyo binari haikwepeki. Swali linabaki nani aifungue.

Wanaotaka kufungua wenyewe wana silaha nzuri, na faili la Kilimanjaro linaionyesha vizuri kuliko mfano wowote ninaoujua. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, unafungua faili kwa herufi "rb", r ya kusoma na b ya binari, kisha unaiambia kompyuta kila namba ina baiti mbili. Sasa chukua mwinuko wa mita 5895. Ndani ya faili umeandikwa kwa baiti 23 na 7, maana 23 mara 256 ukijumlisha 7 ni 5895. SRTM huweka baiti kubwa mbele. Kompyuta nyingi tunazotumia, zenye prosesa za Intel au ARM, hutarajia baiti ndogo itangulie. Usipoiambia, itasoma 7 mara 256 jumlisha 23, nayo itakupa mita 1815.

Itazame vizuri namba hiyo. Haina dalili yoyote ya kosa. Mita 1815 ni mwinuko wa kawaida kabisa kwenye miteremko ya mlima uleule, na programu haikupigi kelele. Kinachokuumbua ni majirani. Nukta ya 5896 inasomeka 2071 na ya 5894 inasomeka 1559, kwa hiyo uwanja ulio karibu tambarare unageuka ngazi za mita 256. Nukta ya mita 800 pembeni ya Moshi inapaa hadi 8195. Linalonitisha zaidi ni alama ya pengo. Mahali ambapo rada haikupata jibu, SRTM huandika -32768. Ukigeuza baiti zake, unapata 128. Pengo limekuwa mwinuko, tena mwinuko wenye adabu, wa kukaa kwenye ripoti bila mtu kuuliza.

Aliyewahi kuyaona haya kwa macho yake hawezi tena kuamini namba kwa kuwa tu imetoka kwenye kompyuta. Huo ndio msingi wa hoja ya kundi hili, nami naukubali wote. Mtu huyo atapima ukubwa wa faili kabla ya kulisoma. Tangu mwaka 2014 Marekani ilipoanza kutoa SRTM ya daraja la juu kwa dunia, ikianza na Afrika, kuna mafaili mawili yanayoweza kubeba jina lilelile S04E037.hgt: la zamani lenye baiti 2,884,802, na jipya la mistari 3601 kwa safu 3601 lenye baiti 25,934,402. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya la kwanza italisoma la pili bila kulalamika na kukupa mlima uliochanwa vipande vitatu vitatu.

Tena kuna ile herufi b, ambayo wengi huiandika kwa mazoea tu. Katika lugha ya C kwenye Windows, faili likifunguliwa kama maandishi, kila baiti 13 ikifuatwa na 10 hupunguzwa ikabaki 10 peke yake, kwa kuwa jozi hiyo huchukuliwa kuwa ni mwisho wa mstari. Baiti 26 huchukuliwa kuwa mwisho wa faili. Kwenye faili la mwinuko, baiti moja ikipotea, kila namba inayofuata huungwa nusu ya hii na nusu ya ile hadi mwisho. Waliobuni HDF5, mpangilio mkubwa wa data za kisayansi uliozaliwa Illinois, walilijua hilo. Baiti nane za kwanza za faili la HDF5 ni 137, 72, 68, 70, 13, 10, 26, 10. Zile tatu, 72, 68 na 70, ni herufi H, D na F. Zilizobaki ni mitego. Ya kwanza imezidi 127, hivyo njia inayopitisha biti saba tu itaiharibu na kujulikana. 13 na 10 hunasa ubadilishaji wa mwisho wa mstari. 26 husimamisha usomaji wa kimaandishi. 10 ya mwisho hunasa ubadilishaji wa upande wa pili. Ni kazi ya uangalifu mkubwa, na asiyejua baiti haoni kitu pale.

Hata hivyo, hoja ya mikono mitupu inaanza kuvuja ukitoka kwenye .hgt kwenda kwenye NetCDF, mpangilio unaotumiwa na karibu kila mtu wa hali ya hewa. Ulitengenezwa na Unidata huko Boulder, Colorado. Faili la NetCDF la zamani huanza na herufi CDF na baiti ya toleo, na mtu mvumilivu anaweza kulisoma kwa mkono kwa kufuata maelezo yaliyochapishwa. Toleo la nne, lililotoka mwaka 2008, limejengwa juu ya HDF5. Ndani yake data zimekatwa vipande, kila kipande kimebanwa peke yake, na faharasa ya vipande imetapakaa ndani ya faili. Kuandika programu yako ya kulisoma ni kazi ya miezi, na utakosea mahali ambapo wenzako walishakosea, wakasahihisha.

Si kubanwa peke yake. Data nyingi za joto huhifadhiwa kama namba kamili za baiti mbili, pamoja na kizidishio na kiongezo vilivyoandikwa kwenye maelezo ya faili. Namba iliyoandikwa 1500, kizidishio kikiwa 0.01 na kiongezo 273.15, ni Kelvin 288.15, nyuzi 15 za Selsiasi. Maktaba hufanya hesabu hiyo kimyakimya. Vilevile kwa tarehe. Faili huandika "siku tangu" tarehe fulani, na baadhi ya modeli za tabianchi, mfano HadGEM2-ES ya Uingereza, zina mwaka wa siku 360, miezi yote siku 30, kwa hiyo tarehe 30 Februari ipo. Mtu anayehesabu siku mwenyewe kwa kalenda ya ukutani atasogeza masika yake taratibu bila kujua.

Faida ninayoiona kubwa kuliko zote ni ya kusoma kidogo. Ukifungua CHIRPS kwa xarray, kufungua kwenyewe hakuleti data kwenye kumbukumbu. Kunaleta maelezo tu. Unakata longitudo 29 hadi 41 na latitudo 1 hadi 12 kusini, eneo linaloifunika Tanzania bara, na unabaki na safu 240 kwa mistari 220. Hizo ni namba 52,800, kama kilobaiti 211 badala ya megabaiti 57.6. Kwa ofisi yenye kompyuta ya kumbukumbu ndogo, hapo ndipo kazi inapowezekana au isipowezekana.

Tatizo langu na wapenzi wa maktaba ni pale wanapodai kwamba kwa sababu hiyo hakuna haja ya kujua kilicho chini. Maktaba hutii kilichoandikwa kwenye maelezo ya faili, haijui ukweli. CHIRPS hutumia -9999 kwa mahali pasipo na data. Faili likitamka hivyo, maktaba itaiondoa kabla hujatafuta wastani. Mtu akiligeuza faili hilo kwa programu nyingine na tamko hilo likadondoka njiani, maktaba ileile itaijumlisha -9999 kama mvua. Wastani wa wilaya ukitoka hasi utashtuka. Wilaya kubwa ya mvua nyingi yenye nukta chache za namna hiyo pembezoni inaweza kushuka milimita kadhaa tu na ikapita. Hapo anayekuokoa ni mtu aliyezoea kuuliza namba ndogo kuliko zote kwenye faili ni ipi, kabla ya swali lingine lolote. Tabia hiyo haifundishwi na amri moja ya kufungua. Inatoka kwenye ile 128 iliyojifanya mwinuko.

Kwa hiyo kwenye kazi ya kila siku nasimama na maktaba, bila kusita. Anayeandika programu yake ya kusoma NetCDF-4 ili itumike kutoa tahadhari ya mafuriko anahatarisha watu. Darasani nasimama na upande wa pili: wiki ya kwanza wanafunzi wasome S04E037.hgt kwa mkono, wakosee mpangilio wa baiti kwa makusudi, wachore ramani iliyoharibika na waeleze imeharibika vipi. Kisha wapewe maktaba, na hawatahitaji kushawishiwa faida yake.

Mabishano haya, hata hivyo, yanawasahau walio katika hali mbaya kuliko wote, wale ambao hawana la kuchagua. Vipo vifaa vya kurekodi mvua, upepo au kina cha mto vinavyotoa mafaili ya binari yanayofunguka kwa programu ya mtengenezaji tu, kwa leseni, na maelezo ya mpangilio wake hayajachapishwa popote. Hapo ujuzi wa baiti hukufikisha nusu njia kwa kubahatisha, na maktaba haipo. Miaka ya vipimo inaweza kukaa kwenye diski ikiwa salama kabisa, isisomeke, kwa sababu kampuni imeacha kutengeneza programu ile. Dawa yake haiko kwenye programu yoyote. Iko kwenye karatasi za zabuni: mnunuzi adai maelezo kamili ya mpangilio wa faili, mpangilio wa baiti, kipimo cha kila namba na alama ya pengo, yakabidhiwe pamoja na kifaa siku ya kwanza, au data zitolewe moja kwa moja kwa NetCDF au mpangilio mwingine ulio wazi. Asiyeweza kutoa hayo asishinde zabuni.