Gravity na hofu ya kukaa kimya

Mara ya kwanza niliitazama filamu ya Gravity katika kibanda umiza kimoja cha Majengo, hapa Dodoma, ikiwa imetafsiriwa, na mtafsiri wetu, kama ilivyo desturi ya kazi yake, hakuruhusu hata nusu dakika ipite bila maneno. Miaka kadhaa baadaye niliirudia nyumbani usiku, peke yangu, nikiwa na hedifoni masikioni, ndipo nilipotambua kwamba siku ile ya kwanza sikuwa nimeiona.

Kazi hii ya mwaka 2013 ya mwongozaji Alfonso Cuarón, aliyeiandika pamoja na mwanawe Jonás, ina dakika 91 tu, na karibu mzigo wote unabebwa na Sandra Bullock. Yeye ni Ryan Stone, mgeni wa safari za anga, ambaye yuko nje akishughulikia darubini ya Hubble wakati mabaki ya setilaiti iliyolipuliwa na Warusi yanapowafikia kwa kasi ya kutisha. Tuzo 7 za Oscar ilizopata hazinishangazi, kwa sababu kuanzia picha ya kwanza, inayokwenda zaidi ya dakika 10 bila kuonekana ikikatwa, mtazamaji hapati mahali pa kuegemea.

Nguvu yake kubwa ni ukimya. Angani hakuna hewa ya kubeba sauti, kwa hiyo vyuma vinararuka nyuma ya mgongo wa Stone bila mlio wowote, nasi tunasikia pumzi yake, redio yake na mitetemo inayopenya vazi lake anapogusa kitu. Hofu yenyewe si ya kubuni tu: mwanasayansi wa NASA, Donald Kessler, alionya tangu mwaka 1978 kwamba takataka za angani zinaweza kugongana na kuzaana, na Novemba 2021 Urusi ililipua setilaiti yake, Kosmos 1408, hata wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga wakalazimika kujihifadhi ndani ya vyombo vyao.

Hata hivyo, filamu yenyewe haiuamini ukimya huo. Muziki wa Steven Price, mzuri ukiusikiliza peke yake, hapa umepewa kazi ya mtafsiri wa kibandani: unatutangulia kila mahali na kutuelekeza lini tuogope.

Makosa ya kisayansi nayo yapo, ingawa hayana uzito sawa. Hubble haivuki nyuzi 28.5 kutoka ikweta, ilhali kituo kile, ambacho jioni zisizo na mawingu tunakiona kikikatiza juu yetu kama nyota yenye haraka, hufika hadi usawa wa London, tena filamu ilipotoka kilikuwa chini zaidi kwa zaidi ya kilomita 100. Kutoka kimoja kwenda kingine kwa mtambo wa kubeba mgongoni, kama wanavyofanya Stone na mwenzake Kowalski, haiwezekani. Hilo nalisamehe, maana bila hilo hakuna hadithi. Nisilolisamehe ni Kowalski, anayeigizwa na George Clooney, kujifungua kamba walipofika kituoni ili Stone apone, wakati mwendo wa wote wawili umekwisha kusimama na filamu haituonyeshi ni kitu gani kinachomvuta. Mvuto mdogo tu wa mkono ungetosha kumrudisha. Kifo hicho kimelazimishwa, sawa na habari ya binti wa Stone aliyefariki akiwa na miaka minne, ambayo imechomekwa ili tumhurumie mtu ambaye tulikwisha kumhurumia.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni pale Stone, akiwa ndani ya Soyuz, chombo cha Kirusi cha kubeba wanaanga, kisicho na mafuta, anapomnasa redioni mtu wa Greenland ambaye hawaelewani lugha. Kibandani, mtafsiri alimgeuza mtu huyo kuwa Mchina mchekeshaji, tukaangua kicheko. Nyumbani nilisikia mbwa wakibweka, kichanga kikilia, na mwanamke aliyekwisha kukata tamaa akisikiliza wimbo wa kumbembeleza mtoto asiyemjua. Hakuna neno lililoeleweka, na hakuna lililohitajika. Kisha, muda mfupi baadaye, Kowalski anarudi katika njozi, anaketi na kumweleza Stone, pamoja na sisi wote, tatizo lake ni nini na afanyeje. Ile mbinu anayomtajia, ya kutumia roketi za kutulia ardhini ili kukisukuma chombo, nilitamani Stone aikumbuke mwenyewe. Hotuba iliyobaki ningemwachia yule bwana wa Majengo.