Kopa haijaja, lakini pesa nataka ziingie sasa

Tunacheza poka. Mkononi nina 9 na 8 za kopa. Mezani zimefunuliwa 10 ya kopa, 7 ya kopa na 2 ya pau. Jamaa wa mbele yangu anaweka dau. Kwa miaka mingi hapo nilikuwa nafuata tu kimyakimya, yaani nalipa dau lake bila kupandisha, huku moyoni nasema: ikija kopa moja zaidi, ninazo tano, nimemla. Nilijiita mtu mwenye subira. Ulikuwa woga.

Tuhesabu. Kopa zimebaki 9. Jeki yoyote au 6 yoyote inanikamilishia mfululizo wa karata tano zinazofuatana, na ukiacha zile mbili za kopa ambazo tayari tumezihesabu, zinaongezeka karata 6. Jumla 15, kati ya 47 nisizoziona. Karata mbili bado hazijafunuliwa, kwa hiyo nafasi ya kupata walau moja ni kama 54 kwa 100. Hata jamaa angekuwa na ree mbili nyeusi, angejiona mwenye nyumba, kumbe ni mpangaji.

Ila hiyo 54 ni ya sasa hivi. Karata ya nne ikipita bure, nabaki na 33 hivi kwa 100. Ndiyo maana kufuata kwa upole kunaniudhi: unalipa wakati una nguvu, halafu ukishadhoofika unaulizwa bei kubwa zaidi.

Dawa yake ni mkwara, yaani kumtisha kwa dau kubwa ili atupe karata, ila mkwara wenye akiba nyuma yake: akifuata, bado karata zangu zinaweza kukamilika. David Sklansky, mwandishi wa nadharia ya poka, ndiye aliyeupa jina la Kiingereza, "semi-bluff", na Doyle Brunson, bingwa wa dunia wa 1976 na 1977, alijulikana kwa kuupiga bila huruma. Tuseme mezani kuna 60 na mimi nimebakiwa na 100. Naziweka zote. Akitupa karata, 60 ni zangu bila jasho. Akifuata, na nafasi yangu ikawa nusu kwa nusu, katika zile 260 fungu langu kwa wastani ni 130, yaani faida ya 30. Anikimbie au anikabili, napata. Anayefuata tu amejinyima ule mlango wa kwanza, kwani hajamtisha mtu.

Najua jibu la wazee wa kungoja: "Ikija kopa atanilipa zote." Atakulipa nani? Kopa ya tatu ikilala mezani hata mtoto anaiona. Meza nzima inanyamaza, na aliyekuwa anapandisha kwa mbwembwe ghafla anakumbuka maji ya kunywa.

Sisemi umwage pesa kila ukiona kopa mbili. Ukiwa na 5 na 4 za kopa, huna dalili ya mfululizo, na wote mna marundo makubwa, kopa ikija inaweza kuja na msiba: mwenye ree ya kopa atakuvua nguo. Mkwara pia haufai kwa yule mtu (kila meza anaye) ambaye hajawahi kutupa karata tangu azaliwe. Kwake, ukitegemea zile kopa tisa tu, una nafasi ya 35 kwa 100 na hakuna wa kumtisha, basi fuata kama bei ni nafuu au tupa. Karata zinazonifaa zikiwa 15, hata huyo namwekea, maana sihitaji aogope.

Juzi, na zile 9 na 8, nilimwaga pesa zote, na jamaa akafuata bila hata kufikiri. Alikuwa na 2 mbili mkononi, na ya tatu ni ile ya mezani. Hapo nafasi yangu inashuka hadi kama 40 kwa 100, kwani hata nikikamilisha anaweza kunipita, na si kopa, si jeki, si 6 iliyotokea. Akanipa pole kwa sauti ya mtu anayehesabu. Ijumaa tunacheza tena, na nimemwambia anishikie kiti kilekile.