Dagaa ana majina matatu, chifu ana sura tatu

Gunia moja la dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, lina majina matatu. Sisi tunasema dagaa, mnunuzi wa Kisumu anasema omena, wa Kampala anasema mukene, na biashara inakwenda. Sisi tunaoshughulika na historia ya Ziwa Victoria ndio tunaoteleza, tena mapema, kabla ya kufungua jalada la kwanza.

Tumezoea kuzipanga Tanzania, Uganda na Kenya kama mitungi mitatu, kisha kulinganisha kilichomo. Ziwa halikai mtungini. Sangara alipandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa ghuba ya Mwanza, viwanda vya minofu vikafuata. Ukilinganisha uvuvi wa nchi hizi kana kwamba kila mmoja ulijiotea peke yake, utashangaa unavyofanana, utatafuta sababu kwenye sera na kuikosa. Ni samaki yule yule na soko lile lile la Ulaya. Mwanahistoria Mfaransa Marc Bloch alihimiza mwaka 1928 kulinganisha jamii jirani zinazoathiriana. Nakubaliana naye, mradi huko kuathiriana kuchunguzwe kwanza.

Na ile inayoitwa historia inayovuka mataifa, yaani inayofuata watu na vitu kupita mipaka ya nchi, je? Nia yake naipenda, jina lake linanitatiza. Mstari wa digrii 1 kusini mwa ikweta ulipitishwa ziwani kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Mkerewe aliyepiga makasia kabla ya hapo alivuka maji, hakuvuka taifa. Mvuvi wa leo akikamatwa na doria upande wa pili, mpaka anaujua vizuri sana.

Linaloniumiza zaidi ni neno "chifu". Wakoloni waliwatia humo ntemi wa Wasukuma, mukama wa Wahaya na ruoth wa Wajaluo, nasi tukalirithi. Ntemi aliteuliwa na banang'oma, yaani baraza la wazee wa utemi, na mvua ikigoma aliweza kung'olewa. Mukama aligawa ardhi ya nyarubanja, yaani mashamba makubwa yenye wapangaji. Ruoth aliongoza watu wa koo zake. Hizo ni mamlaka tofauti kabisa, lakini kwenye jedwali la kulinganisha zinakaa safu moja, na hitimisho linatoka limeshapinda.

Mimi sasa ninapoandika nayaacha maneno hayo kama wenyewe walivyoyasema, na kila moja naliwekea maelezo yake, hata kurasa zikizidi.