Babu wa Kutumwa

Mtu akikuambia kwamba kuwa babu ni kukaa kibarazani na kuamkiwa, mwulize kwanza kama ameshapata mjukuu kwa upasuaji, usiku, mwisho wa mwezi, katika mji wa Jinja, Uganda, huku bibi wa mtoto akiwa na simu isiyo na salio. Mimi nilitumikia jeshi katika stoo ya kombania, ndiko nilikookota Kiswahili hiki ninachowalalamikia nacho, na katika stoo yangu haikutoka hata sindano moja bila sahihi. Sasa nimestaafu, na imedhihirika kwamba stoo ni mimi mwenyewe: kila mwenye haja anafungua, anachukua, na hakuna anayetia sahihi.

Tuanze na neno bure. Ada katika hospitali za serikali zilifutwa mwaka 2001, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Bure hiyo, hata hivyo, ina orodha yake: glavu, karatasi nzito ya plastiki ya kutandika kitandani, pamba, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, sabuni, beseni, shuka, chupa ya chai, na mkeka wa kulalia yule anayemwuguza mgonjwa. Binti yangu ni mtu wa mpango, na mfuko wake ulikaa tayari mlangoni kabla ya tarehe kukaribia. Uchungu uliposhika, yeye na mama yake walipanda speshali, yaani teksi ya kukodi, mfuko ukapakiwa kwenye boda pamoja na mpwa wangu, na mpwa wangu, kwa akili zake zote, akaupeleka kwenye kituo cha afya ambako binti alikuwa akihudhuria kliniki, akaketi nao hapo kwa uaminifu mkubwa akitusubiri. Sisi tulikuwa hospitali kubwa, upande wa pili wa mji. Mwenye duka aliye mkabala na lango la hospitali anamtambua mzee wa namna yangu kwa mbali, na glavu zake hupanda bei kadiri jua linavyoshuka.

Mkwe wangu ni Muganda wa ukoo wa Nsenene, kijana mwenye heshima, na heshima yake ndiyo iliyonimaliza miguu. Kwa desturi yao mwanamume hamkaribii mama mkwe wake, hagusani naye wala hapishani naye mlangoni, na wazee husema kwamba anayevunja mwiko huo hushikwa na maradhi ya kutetemeka. Mkwe ni fundi wa kuchomelea vyuma, mikono yake anaihitaji. Basi mke wangu akitokea mlango wa wodi, mkwe anatoweka nyuma ya gari la wagonjwa. Mke wangu akienda kuchota maji, mkwe anahamia nyuma ya mwembe. Habari zote za mgonjwa alikuwa nazo mke wangu, aliyezihitaji kuliko wote alikuwa mkwe, na kati yao palikuwa na mzee mmoja mwenye goti bovu. “Mwambie njia imefunguka sentimita sita, zinatakiwa kumi.” Naenda. “Mwulize kama amekunywa chai.” Narudi. “Mwambie amekunywa, ametapika.” Naenda tena. Ilipofika jioni nilikuwa bado natembea, lakini ujumbe ulikuwa haubadiliki, maana sentimita zilibaki sita zile zile.

Hapo ndipo baba wa mkwe wangu, mwalimu mstaafu ambaye hukumbuka takwimu katika saa isiyofaa, aliponivuta kando na kunifahamisha kwamba utafiti wa taifa wa 2016 ulihesabu vifo 336 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukahesabu 189, kwa hiyo nchi imepiga hatua. Nilimwuliza kama alikuwa akinifariji au akinihesabia. Akanyamaza, jambo ambalo sijaliona kwake kabla wala baadaye.

Giza lilipoingia mkunga alikuja na karatasi. Alisema kichwa cha mtoto hakishuki, mapigo ya moyo wa mtoto yanapungua, na daktari ameamua kupasua. Karatasi ilikuwapo, kalamu haikuwapo. Nikatoa yangu, ile niliyopewa siku ya kustaafu, binti akatia sahihi huku amefumba macho kwa maumivu, na kalamu ikaondoka mfukoni mwa koti jeupe nikiitazama. Sikuidai. Bado naitaka, lakini saa ile sikuidai.

Mlango wa chumba cha upasuaji una kioo kidogo kilichopakwa rangi nyeupe, na kwenye pembe moja rangi hiyo imebanduka, upana wa sarafu. Kwa tundu hilo niliona mgongo wa mtu aliyevaa kijani, na mkono wake wa kulia ukiminya kifuko cha hewa: unaminya, unaachia, unaminya, unaachia, bila pupa. Mtoto sikumwona, alifichwa na mgongo ule. Sauti haikuwapo. Mke wangu, aliyekuwa nyuma yangu ameshika shuka langu, aliniuliza ninaona nini, nikamjibu kwamba naona rangi ya mlango inabanduka na ni aibu kwa serikali kutoipaka upya. Akaniuliza tena. Nikamwambia ni rangi duni, ya maji. Ule mkono uliendelea kuminya, nami nikaendelea kuizungumzia rangi, bei ya debe lake, na jinsi mafundi wa siku hizi wasivyosugua mbao kabla ya kupaka, hadi kilipotoka kilio chembamba cha kukwaruza, kikakatika, kisha kikarudi na ghadhabu. Mkwe alichomoka mbio kutoka nyuma ya gari la wagonjwa, akamkuta mama mkwe uso kwa uso, akageuka na kukimbilia alikotoka. Alipokea habari ya mtoto wake wa kwanza kutoka kwangu, akiwa amechuchumaa kando ya gurudumu.

Baadaye musawo, yaani daktari, alitoka na kutueleza kwamba mtoto ni wa kike, alianza na alama nne, na dakika ya tano akapata nane. Mwalimu aliposikia nne alirusha kofia. Mtu huyu alitumia maisha yake kuandaa watoto wa darasa la saba, na kila mzazi wa Uganda anajua kwamba katika mtihani wa kumaliza msingi hakuna matokeo yanayoipita agrigeti 4, jumla ya madaraja ya masomo manne, ambayo kadiri inavyopungua ndivyo inavyokuwa bora. “Nne!” akapiga kelele, akimkumbatia mlinzi wa zamu, “daraja la kwanza, na hajafikisha hata saa moja!” Kisha ile nane ikamfikia, uso ukamshuka. Alitaka kujua mtoto ameporomoka vipi ndani ya dakika nne, na kama lawama ni ya mazingira. Musawo, ambaye nadhani alikuwa hajala tangu asubuhi, ilimbidi aeleze kwa subira kwamba alama hizo zilibuniwa mwaka 1952 na daktari wa Marekani, Virginia Apgar; kwamba hupimwa mapigo ya moyo, pumzi, rangi ya ngozi, nguvu za misuli na jinsi mtoto anavyoitika akiguswa; kwamba kila kimoja kina alama mbili, jumla kumi; na kwamba nne ndiyo iliyowafanya wakimbilie kifuko cha hewa. Mwalimu aliitafakari hesabu hiyo, akatoa hukumu kwamba mfumo una kasoro, kwa kuwa mtu hawezi kufanyishwa mtihani kabla ya kufundishwa. Kwa mara ya kwanza tangu watoto wetu waoane, nilikubaliana naye.

Binti alikuwa amepoteza damu nyingi, akatundikiwa painti mbili zilizotolewa na watu ambao hatutawajua kamwe, kwa kuwa damu hapa kwetu hutolewa kwa hiari, ikapimwa Ukimwi, homa za ini na kaswende, ndipo ikapewa mgonjwa. Kwa hiyo tulipopata habari kwamba wachangishaji damu wamepiga hema katika uwanja wa shule ya jirani, wanaume watatu wa familia tulikwenda kulipa deni. Mimi nilikataliwa kwa umri, na kijana aliyenikataa aliniita jajja, yaani babu, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Mwalimu alikataliwa kwa presha, ambayo ilizidi kupanda alipoelezwa. Mkwe peke yake alifaulu, akalazwa, sindano ikaingia, na chupa ilikuwa haijafika nusu mke wangu alipoingia hemani kunidai fedha za supu. Kijana angekimbilia wapi na mpira mkononi? Alichukua kitambaa cha mto akajifunika uso, akatulia kabisa, na msichana wa zamu akadhani amezimia, akamnyanyua miguu juu na kuanza kumpepea. Nilisimama katikati ya vitanda, nikapokea dai la supu kutoka upande huu na salamu za heshima kutoka chini ya kitambaa upande ule, nikazifikisha zote mbili, nikalipa.

Fedha yenyewe mnadhani ilitoka wapi? Mwanangu aliye Kampala alituma kwa simu, akatuma bila kuongeza ada ya kutolea. Wakala alikata chake, kampuni ikakata chake, na serikali ikakata nusu asilimia yake ya kila kinachotolewa, kama inavyofanya tangu 2018, kwa hiyo siwezi kusema kwamba serikali haikuhudhuria uzazi wa mjukuu wangu. Ndugu wengine walihudhuria kwenye WhatsApp. Walituma maua, mikono ya kusali, na swali moja ambalo kila mmoja aliliuliza upya: anafanana na nani? Mtoto ana uvimbe wa utosini, kichwa kimerefuka kwa nyuma kutokana na ule uchungu wa kutwa nzima, na wasawo wamesema kitarudi chenyewe baada ya siku chache. Kwa sasa hafanani na mtu, anafanana na safari aliyotoka. Nilijibu hivyo, shangazi yake mmoja akajiondoa kundini.

Sasa wako nyumbani kwangu, kwa sababu mtu mwenye mshono hawezi kupanda ngazi za nyumba aliyopanga mkwe. Supu ya molokoni, yaani kwato za ng'ombe, inachemka tangu alfajiri ili mzazi arudishe damu, na mzazi anakunywa kikombe kimoja. Sufuria nzima, kwato na mifupa, inamalizwa na wanaokuja kumpa pole. Bibi wa upande wa pili alifika na fungu la majani ya kyogero, bombo na lweza na mengine ambayo sikuyatambua, ili mtoto wa kike aogeshwe apate bahati. Mke wangu akamjibu kwamba hospitalini walikataza hata maji matupu katika saa 24 za kwanza, na kitovu bado hakijakauka. Hawakugombana. Walikaliana kimya sebuleni wakinywa chai yangu, kila mmoja akimsifu mwenzake kwa sauti ya kukata kitunguu, na majani yakawekwa kwenye beseni yangu ya kunawia, ambako yapo mpaka hivi ninavyoandika. Uso nanawia bombani.

Na bado hamjasikia la senene. Mtoto amezaliwa Novemba, senene, wale panzi wa kuliwa, wanaanguka, mji mzima unanuka vitunguu na mafuta ya kukaangia, na mjukuu wangu, kwa kuwa ni wa ukoo wa baba yake, unaoitwa kwa jina la mdudu huyo, hatawala maishani mwake. Huo ni mwiko wa kwao na ninauheshimu. Lakini mwalimu ameongeza kwamba si adabu hata babu kuwala chumba kimoja na mtoto, kwa hiyo mimi, mwenye nyumba, ninayelipa umeme, nala senene wangu langoni, nimesimama, na mlinzi wa jirani ananiomba.

Jina nalo ni la ukoo wao, litateuliwa na wazee wao, na mimi nitaarifiwa. Sisi Wasamia wa Busia hatuna mlolongo huo: msichana akizaliwa usiku ni Nabwire, mkutano umekwisha. Basi usiku wanapolala wote kwa uchovu wa kunywa supu, na mtoto akaanza kunung'unika, mimi ndiye ninayeamshwa nimshike, kwani inasemekana wazee hawana usingizi. Namwita Nabwire, anatulia. Juzi mwalimu alinisikia kupitia ukutani, na asubuhi alinitangazia kwamba atalifikisha suala hilo mbele ya wazee wa ukoo ili nitozwe faini. Alifikishe. Amekula kwangu tangu mtoto azaliwe, hata faini yenyewe ataniomba nauli ya kwenda kuidai.