Ukimya wa darasani, Victoria na Tanga

Kwetu Tanga shelisheli ni tunda la kupika kwa nazi au kukaanga. Nilipopata mkataba wa miaka miwili wa kufundisha hisabati Victoria, nchini Shelisheli, mama aliniuliza, "Kwani kuna nchi inaitwa shelisheli?" Ipo, mama, na shelisheli zimejaa tele. Wenyeji wanasema mgeni akila tunda hilo kule, atarudi. Mimi nilikula sana.

Victoria ni mji mkuu, lakini unaumaliza kwa miguu. Mnara wa saa uliosimamishwa mwaka 1903 uko njia panda, na ukitembea dakika chache tu umefika soko la Selwyn-Clarke. Nyuma ya paa za bati kuna mlima uliofunikwa na miti, na mvua inashuka kutoka huko bila kubisha hodi. Upepo ni uleule wa kwetu: kaskazi likija joto linakubana, kusi likivuma bahari inachafuka. Hata ndizi za nazi na sukari wanazo, wanaziita ladob. Niliamini sitakuwa mgeni kwa muda mrefu.

Lakini walimu wa mkataba tuna tabia ya kujitenga. Tulikuwa Wakenya, Wahindi, Wasri Lanka na sisi Watanzania wachache. Jumamosi tulipika chapati, tukahesabu rupia za kutuma nyumbani, tukazungumzia kiinua mgongo. Miezi sita ya mwanzo nilikaa Victoria bila kukaa na watu wa Victoria. Najuta mpaka leo, na sababu yake ni siku moja darasani.

Nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu, kwa Kiingereza, kama mtaala ulivyotaka. Nilimwita binti mmoja ubaoni: tafuta robo tatu ya ishirini na nane. Alishika kalamu ya ubao akaibana kwa vidole viwili, macho chini, midomo imefungwa. Nikarudia swali, kisha nikarudia tena kwa sauti kubwa zaidi. Kutoka nyuma rafiki yake akasema sentensi moja fupi kwa Kikrioli, lugha ya wenyeji. Binti akainua uso: "Mon'n konpran." Nimeelewa. Akaandika 7, akazidisha kwa 3, akapata 21, akarudi kukaa. Mimi nilibaki pale mbele sijui ameambiwa nini.

Ukimya ule niliufahamu. Niliuona miaka yote Tanga, kila Januari, katika Kidato cha Kwanza: watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili wanaingia darasa jipya na karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Nilizoea kuuita uzito wa kichwa. Mungu anisamehe.

Kuanzia siku ile nilijifunza Kikrioli, kwenye basi na kwa mama mmoja muuza samaki ambaye hakukubali kunikatia jodari mpaka niombe lanmwatye, yaani nusu, kwa matamshi yanayoeleweka. Lugha hiyo watu wengi waliiona ya jikoni tu. Mwaka 1981 ikafanywa lugha ya taifa, na mwaka uliofuata ikaingia madarasani, mtoto aanze shule kwa lugha ya nyumbani kabla ya Kiingereza kushika hatamu. Mzozo haujaisha, wapo wazazi wanaotaka Kiingereza tangu siku ya kwanza. Hata hivyo hapakuwa na mtoto aliyeogopa kumnong'oneza mwenzake.

Jumapili moja nilipanda barabara ya Sans Souci mpaka Venn's Town, kwenye mabaki ya shule iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1876 kwa watoto wa Waafrika waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka majahazi ya watumwa. Ni kuta zilizobomoka chini ya miti, na ukungu. Nilikaa juu ya jiwe nikawawaza watoto wale siku yao ya kwanza, mbele ya mwalimu wasiyemwelewa hata neno.

Sipingi Kiingereza. Nataka wanafunzi wangu wakijue vizuri, wafundishwe na walimu wa lugha wenye vitabu na muda wa kutosha. Ninachokataa ni kumpima mtoto hisabati kwa kipimo cha Kiingereza, halafu tumwandike kuwa hajui hisabati. Kule nilikuwa na udhuru, sikujua lugha yao. Hapa nyumbani mwalimu anaijua lugha ya mtoto tangu tumboni kwa mama yake, na bado kuna shule zinazomwadhibu anayeitamka.

Januari hii, shuleni Tanga, kijana mmoja alisimama ubaoni hivyo hivyo, chaki mkononi. Nikamwambia, "Eleza kwa Kiswahili, mwanangu." Kabla hajafungua mdomo, aligeuka kuangalia mlango.