Waliotumwa kukanusha njaa ya Ukraine

Ikitajwa glasnost, ile sera ya uwazi ya Umoja wa Kisovieti, sifa zote anapewa kiongozi wake Gorbachev. Kwa upande wa historia ya Ukraine, naona tunampa zaidi ya haki yake. Alishika madaraka Moscow Machi 1985, lakini Kyiv, mji mkuu wa Ukraine iliyokuwa sehemu ya Umoja huo, ilibaki mikononi mwa Volodymyr Shcherbytsky, mkuu wa chama cha Kikomunisti huko, hadi Septemba 1989, na wanahistoria waliolipwa na dola hawakuwa na haraka. Waliotangulia kupaza sauti ni washairi na waandishi wa riwaya.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Stanislav Kulchytsky wa Taasisi ya Historia mjini Kyiv. Bunge la Marekani lilikuwa limeunda tume ya kuchunguza njaa ya 1932–33, na mtendaji wake mkuu, James Mace, akakusanya ushahidi wa manusura. Chama nacho kikateua wanahistoria wake wa kujibu mapigo, Kulchytsky akiwamo. Kazi yao ilikuwa kukanusha, basi. Lakini huwezi kukanusha bila kufungua majalada, na majalada yalikuwa na mambo mazito: nafaka zilikombwa, vijiji vilivyoshindwa kutimiza kiwango cha nafaka walichotakiwa kutoa vikatiwa kwenye orodha nyeusi na kunyimwa bidhaa za dukani, na Januari 1933 wakulima wakazuiwa kutoka Ukraine kwenda kusaka chakula.

Desemba 25, 1987, Shcherbytsky alikiri hadharani kwamba njaa ilikuwapo, ila akaisukumia mavuno mabaya. Januari 1990 ndipo Kamati Kuu ya chama ilipoubebesha uongozi wa Stalin lawama na kuruhusu nyaraka zichapishwe. Kulchytsky aligeuka hatua kwa hatua, na maandishi yake ya mwanzo yalisema ukweli nusunusu. Wapo wanaomwita kinyonga. Mimi simlaumu, wenzake wengi waliyaona majalada hayohayo wakanyamaza.

Huko Bykivnia, msitu ulio kando ya Kyiv, hali ilikuwa ya aibu kabisa. Mwaka 1988 serikali ilisimamisha mnara uliosema waliozikwa pale waliuawa na mafashisti. Wanakijiji walikuwa wameyaona malori ya polisi wa siri, NKVD, kabla hata Wajerumani hawajafika! Mwaka uliofuata tume rasmi ikakubali kwamba wauaji ni NKVD. Kumbe wanakijiji walijua siku zote, ila hakuna aliyewauliza kwa nia njema.

Ndiyo maana heshima yangu kubwa naiweka kwa mwanahistoria Mykhailo Braichevsky. Mwaka 1966, bila ruhusa ya mtu, aliandika insha akihoji mkataba wa Pereiaslav wa 1654, uliowaweka Wakozaki wa Ukraine chini ya mfalme wa Urusi: je, Ukraine kweli “iliungana tena” na Urusi, au ilitwaliwa? Insha ilipita mkono kwa mkono, ikachapishwa Kanada mwaka 1972, naye akapoteza kazi. Glasnost ilipofika, wengi walianza kuuliza swali lake kwa sauti, tena wakiwa bado na mishahara yao.