Gavana wetu hana tena kura ya kutafuta

Issa Timamy ni mtu mwenye bahati yake katika siasa za Lamu. Alikuwa gavana wa kwanza wa kaunti hii mwaka 2013, akabwagwa na Fahim Twaha mwaka 2017 kwa kura chache mno, kisha mwaka 2022 wapiga kura haohao wakamrudisha kitini. Si magavana wengi waliopata nafasi ya kukaa nje miaka mitano, wakamtazama mwenzao akiiendesha ofisi ileile, halafu wakarudi kuishika tena. Na kwa kuwa Katiba haimruhusu mtu kuwa gavana zaidi ya vipindi viwili, mwaka 2027 jina lake halitakuwamo kwenye karatasi ya ugavana wa Lamu.

Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote yanayosemwa juu yake, mema kwa mabaya. Kiongozi anayetaka kurudi lazima ajenge vinavyoonekana: lango, ukumbi, taa za pwani, kitu cha kukatia utepe. Asiyeweza kurudi anaweza kutia pesa kwenye mfereji. Ndiyo sababu namtaka apimwe kwa kazi ambayo hakuna atakayeipiga picha.

Kwanza tumpe haki yake. Mambo makubwa yanayotajwa kila jina la Lamu linapotajwa si yake. Bandari ya Lamu iliyoko Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa na Uhuru Kenyatta tarehe 20 Mei 2021, ni mradi wa serikali kuu. Lami ya kutoka Garsen kupitia Witu ni ya serikali kuu. Usalama uko kwa kamishna wa kaunti na wakubwa wake Nairobi. Hata fidia ya wavuvi, zile Sh1.76 bilioni ambazo Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru mwaka 2018 walipwe wavuvi wapatao 4,600 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari, haikuwa deni la kaunti. Tena mfuko wenyewe ni mwembamba. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa Lamu kutoka serikali kuu ulikuwa kama Sh3.1 bilioni, mdogo kuliko wa kaunti zote 47. Anayemlaumu gavana kwa kuwa meli za Kililana zilikuwa za kuhesabu anamwonea bure.

Yaliyo yake yameandikwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba, na hayana mvuto hata kidogo: taka, maji ya mvua, maji ya kunywa, zahanati, masoko, taa za barabarani, vivuko, mipango ya ardhi. Hata ustawi wa wanyama umo, maana yake punda wetu wako chini ya kaunti. (Sijapata kumsikia mgombea akiahidi lolote juu ya punda jukwaani. Amu hii, yaani mji wa Lamu ulioko kisiwani, angeokota kura.)

Tuanzie kwenye mfereji basi. Mji wa kale wa Amu, ule ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, hauzidi sana hekta 16. Nyumba za mawe zimeshikana, na ziko njia ambazo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi alikotoka. Kando ya ukuta hupita mfereji unaochukua maji ya kuogea, ya kufulia na ya jikoni mpaka pwani. Bomba la maji taka la mji mzima hakuna; choo ni shimo lililo chini ya nyumba. Waliouanzisha mpango huu hawakuwa wajinga. Nyumba zilikuwa chache, kila moja ina wenyewe, na ndani ya birika, yaani tangi la maji la nyumba, waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Wazee walifikiri zaidi kuliko wengi wanaokalia viti leo.

Ila mji umepanda juu. Nyumba ya familia moja sasa ina ghorofa ya tatu na vyumba vya kupangisha, na wote hao wanaoga, wanafua, na maji yao yanateremkia mfereji uleule. Bahari ikiwa na bamvua, yaani ikijaa kupita kawaida, maji ya mfereji hayana pa kwenda, hurudi. Niliyaona mtaani Langoni asubuhi moja: maji meusi yamefika kizingitini kwa muuza vitambaa, naye ameweka matofali mawili na ubao juu yake ili wateja wavuke. Akina mama wanakunja mabuibui kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mtoto. Kifuniko cha zege kimekatika, na katika ule ufa umekwama mfuko wa unga. Vijana wa usafi walikuja na reki na majembe, wakautoa uchafu wote, wakaulundika ukutani papo hapo. Kazi nzuri, na jasho liliwatoka. Lakini mkokoteni wa kuuzoa haukuja. Kufika adhuhuri punda wa mawe ya Manda walikuwa wameshaukanyaga, na nusu ya tope imerudi mferejini.

Hapo hakukupungua mikono wala ari. Kilichopungua ni mtu mmoja ofisini mwenye jukumu la kuhakikisha reki na mkokoteni vinafika mtaa mmoja kwa wakati mmoja. Hilo halihitaji mfadhili. Wala sikubali kwamba hatujui la kufanya na taka zenyewe, maana mafundi wa hapahapa Lamu ndio waliounda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Dunia nzima ilipiga makofi. Sisi tukarudi kuchoma mifuko pwani.

Jambo la pili ni zito zaidi, nami naliogopa. Maji matamu ya Amu yanatoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kijiji jirani. Mvua ikinyesha, mchanga huyanywa maji, yakashuka na kukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi kuliko chumvi, na visima huyachota hapo. Ukichota kupita kiasi, chumvi hupanda. Ukijenga juu ya vilima ukachimba mashimo ya vyoo, unajua mwenyewe kinachoshuka. Hatuna mto. Hatuna ziwa. Vile vilima ndivyo tangi letu.

Na ndivyo vinavyotamaniwa. Kila mwenye pesa anataka dirisha linalotazama mchanga mweupe na bahari, na migogoro ya viwanja upande ule si habari mpya. Kibali cha ujenzi ni kazi ya kaunti. Hapa gavana hawezi kusema bajeti ni ndogo, kwa kuwa kukataa kibali hakugharimu shilingi. Kunagharimu urafiki tu, na urafiki ndio kitu ambacho mtu asiyerudi kwenye kura anaweza kuumudu. Akitoka madarakani visima vya Shela vikiwa bado vitamu, na vilima havijaota kuta mpya, mimi nitamtetea kila baraza nitakalokaa.

Pikipiki nazitaja kwa kupita. Mabishano juu ya kuziruhusu mjini ni ya miaka mingi na jibu linajulikana: vijana wanahitaji riziki, mji wa kale hauwezi kuzibeba, basi zifanye kazi pembezoni, upande wa Wiyoni na Kashmiri, zisiingie Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale. Kinachotakiwa ni kulisimamia, tena kila siku, si wiki ya kwanza tu baada ya tangazo.

Kuna wanaosema gavana amekuwa mtu wa Nairobi mno. Mwaka 2024 alikuwa kiongozi wa chama cha ANC, na mwaka uliofuata chama kikaunganishwa na UDA, chama tawala. Sina ugomvi na hilo. Kaunti yenye watu wachache kama yetu inahitaji mtu wa kupigiwa simu na wakubwa. Ila simu hizo zituletee kitu. Kama ukaribu na serikali kuu haukutupatia hata fedha za kushughulikia maji taka katika mji wa urithi wa dunia, basi ni ukaribu wa kunywa chai. Wala sina neno na tamasha la utamaduni, na mbio za punda na mashindano ya majahazi nazipenda kama mtoto yeyote wa Amu. Siku zile biashara hufunguka, na mama muuza mahamri hupata ada ya shule.

Sasa tuvuke maji, kwa sababu mji unaokua kwa kasi haupo tena kisiwani. Mwaka 2009 kaunti nzima ilihesabiwa watu 101,539. Mwaka 2019 wakawa 143,920. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo haikuja kubanana mtaani Mkomani, Amu. Makao makuu ya kaunti yako Mokowe, upande wa bara, na kila asubuhi wafanyakazi hupanda mashua kutoka Amu kwenda ofisini. Kuanzia gatini Mokowe hadi Hindi na kwenye njia ya Kililana, viwanja vimekatwa, mabati yameinuliwa, maduka ya saruji na vyuma yanaongezeka. Ukitembea huko utaona msingi wa duka umekaribia barabara kiasi kwamba mfereji hautapata pa kupita hata ukija kujengwa. Mahali pa shule hapajulikani, mahali pa soko hapajulikani, wala makaburi, na hilo la makaburi tutakuja kuligombania.

Amu tuliurithi ulivyo, na kuurekebisha ni kazi ya kushona nguo mtu akiwa ameivaa. Mokowe na Hindi bado ni kitambaa kizima. Kukosea huko hakutakuwa na wa kusingiziwa, si Waarabu, si Wareno, si Mwingereza wala serikali kuu.

Tena karatasi ipo. Katika kipindi cha kwanza cha Timamy kaunti iliandaa mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10, 2016 hadi 2026, na Lamu ikasifiwa kwa kuwa miongoni mwa za mwanzo nchini kuwa nao. Ulionyesha wapi pa kulima, wapi pa kufugia, wapi mikoko isiguswe, wapi mji ukue. Aliuacha mezani akaondoka, akarudi akaukuta, na sasa muda wake unamalizika akiwa bado kitini.

Kwa hiyo ombi langu kwake ni hili. Kabla Bunge la Kaunti halijaletewa mpango mwingine, atuonyeshe huu ulifuatwa wapi na ulivunjwa wapi, kiwanja kwa kiwanja. Ramani ibandikwe Mkunguni mbele ya Ngome, na nyingine gatini Mokowe panaposubiriwa mashua, vibali vyote vilivyotolewa Shela na Hindi tangu 2022 vikiwa vimetiwa alama. Wino na karatasi hata sisi tunaweza kuchanga.